Luigi Amedeo, mwana wa jamaa ya kifalme aliyeacha kipimo cha barafu ya Ruwenzori

Tarehe 18 mwezi wa sita mwaka 1906, wanaume wachache waliofunga kamba viunoni walifika juu kabisa ya mlima Ruwenzori, mahali ambapo leo mpaka wa Kongo na Uganda unapita. Aliyewaongoza alikuwa kijana wa miaka 33, mjukuu wa mfalme wa kwanza wa Italia. Jina lake Luigi Amedeo wa Savoia, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi. Kilele hicho alikiita Margherita, jina la malkia mjane wa Italia. Wakongo wengi wanakijua kwa Kifaransa: Pic Marguerite, kirefu kuliko vyote katika nchi yetu, meta 5.109.

Miaka zaidi ya mia moja imepita. Jina la malkia lingali kwenye ramani. Lakini barafu ambayo Luigi Amedeo aliikanyaga ili kufika huko inakwisha mwaka baada ya mwaka. Na kama leo inajulikana ni kiasi gani kimepotea, ni kwa sababu mtu huyo hakuja na kamba na shoka tu. Alikuja pia na vyombo vya kupimia, na mpiga picha.

Mtoto wa mfalme asiye na kiti

Luigi Amedeo alizaliwa Madrid, mji mkuu wa Uhispania, tarehe 29 mwezi wa kwanza 1873. Baba yake, Amedeo, alikuwa Mwitaliano aliyeitwa kuwa mfalme wa Wahispania. Utawala huo ulikuwa wa taabu tupu. Mtoto hakuwa amemaliza hata wiki mbili duniani wakati baba yake alipoacha kiti na kurudi Italia pamoja na jamaa yake. Mama yake, Maria Vittoria, alikufa mwaka 1876. Mtoto alikuwa na miaka mitatu.

Alikuwa mwana wa tatu, na mbele yake palikuwa na wengi wenye haki ya kurithi. Hakuna aliyetazamia kwamba angetawala. Akiwa bado mtoto mdogo aliandikishwa katika jeshi la majini, na huko ndiko alikokulia: kwenye shule za wanajeshi, kwenye merikebu, na katika nidhamu ya kuamka mapema na kuandika kila kitu. Baba yake alipokufa mwaka 1890, Mfalme Umberto wa Kwanza, aliyekuwa baba yake mkubwa, alimpa cheo cha Duke wa Abruzzi. Abruzzi ni eneo la milima katikati ya Italia.

Bahari ilikuwa kazi yake. Milima ikawa mapenzi yake. Alijifunza kupanda katika milima ya Alpes, kwenye mpaka wa Italia, Uswisi na Ufaransa. Mwaka 1894 alipanda mlima Cervino, ambao watu wengi wanauita Matterhorn, kwa njia ngumu ya ukingo wa Zmutt, pamoja na Mwingereza Albert Mummery, mmoja wa wapandaji hodari kuliko wote wa wakati ule. Tangu hapo hakutaka tena kupanda milima ambayo wengine walikwisha kuipanda.

Barafu iliyovunja merikebu

Mwaka 1897 alivuka bahari hadi Alaska, kaskazini kabisa ya Amerika. Huko kuna mlima Saint Elias, meta 5.489, ambao wengi waliujaribu wakashindwa. Ili kuufikia ilibidi kuvuka uwanda wa barafu wa Malaspina, mpana kama wilaya nzima. Tarehe 31 mwezi wa saba, Luigi Amedeo na wenzake walisimama juu yake, wa kwanza kufika.

Miaka miwili baadaye alitaka kufika ncha ya kaskazini ya dunia. Alinunua merikebu ya wavuvi wa nyangumi, akaiita Stella Polare, maana yake Nyota ya Kaskazini. Ilipofika kwenye visiwa vya Franz Josef, barafu ya bahari iliibana na kuiharibu ubavuni. Ikawabidi watu wakae nchi kavu wakati wa giza refu la baridi. Baridi hiyo ilikula vidole vya mkono wa kushoto wa Luigi Amedeo, akakatwa vipande viwili vya vidole.

Kwa kuwa hakuweza tena kuongoza safari ya mwisho juu ya barafu, alimwachia rafiki yake Umberto Cagni, afisa wa majini. Mwezi wa nne mwaka 1900, Cagni alifika nyuzi 86 na dakika 34 za kaskazini, mbali kuliko binadamu yeyote kabla yake. Lakini watu watatu wa kundi lililokuwa likimsaidia walipotea kwenye barafu, na hawakuonekana tena.

Kwa watu wa wakati ule, barafu ilikuwa adui mwenye nguvu zote. Ilivunja merikebu, ilikata vidole, ilimeza watu. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja barafu ndiyo itakayokuwa dhaifu mbele ya binadamu.

Mlima uliojificha katika mawingu

Kwa Wazungu, Ruwenzori ilikuwa habari ya zamani sana iliyokosa ushahidi. Ptolemaios, mwanachuoni aliyeishi Misri karibu miaka 1.900 iliyopita, aliandika kuhusu Milima ya Mwezi ambayo theluji yake hulisha mto Nili. Wasafiri wa karne ya 19 walipita karibu na mlima wasiuone, kwa sababu siku nyingi za mwaka unafunikwa na mawingu. Ni mwaka 1888 tu ambapo Henry Morton Stanley na wenzake, wakiwa upande wa kusini mwa Ziwa Albert, waliona weupe juu ya mawingu na kuelewa kwamba ni theluji.

Wenyeji hawakuhitaji kuambiwa. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Beni, ambao lugha yao ni karibu moja, walikuwa na jina la theluji: Nzururu. Kwao Nzururu ni zaidi ya maji yaliyoganda. Ni roho mkubwa wa mlima, na kutoka kwake yanakuja maji na uzazi. Kutoka jina hilo ndipo likatoka Rwenzururu, mahali pa theluji. Watu hawakupanda huko bila sababu. Wawindaji walifika mpaka kwenye mapango ya juu, wakaacha weupe ule mahali pake.

Stanley alikufa mwaka 1904. Kabla ya hapo alikuwa amesema wazi kwamba anatamani mtu anayejua milima aje kuuchunguza Ruwenzori kwa utaratibu. Baada yake wengine walijaribu. Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda mwaka 1891 kupitia bonde la mto Butahu, upande ambao leo ni wa Kongo, akafika karibu meta 4.000. Mwanzoni mwa 1906 Waingereza kadhaa na Mwaustria Rudolf Grauer walifika kwenye kingo za barafu upande wa mashariki. Lakini hakuna aliyejua milima mirefu ni mingapi, kipi ni kirefu kuliko vyote, wala barafu inaanzia na kuishia wapi.

Safari ya mwaka 1906

Luigi Amedeo aliondoka Napoli mwezi wa nne mwaka 1906. Kundi lake lilikuwa dogo na la watu waliochaguliwa vizuri. Alikuwamo Cagni, yule wa safari ya kaskazini. Alikuwamo Alessandro Roccati, mtaalamu wa mawe, na daktari Achille Cavalli Molinelli. Waongozaji walitoka Courmayeur, kijiji cha Alpes: Joseph Petigax na mwanawe Laurent, César Ollier na Joseph Brocherel. Na alikuwamo Vittorio Sella, mtu wa Biella, aliyebeba mitambo mikubwa ya kupigia picha na vioo vyake mpaka pale ambapo wengine walishindwa kubeba hata chakula.

Kutoka Mombasa walipanda gari la moshi hadi Ziwa Viktoria, kisha merikebu hadi Entebbe. Toka Entebbe ilikuwa ni miguu. Msafara wa wapagazi mamia kadhaa ulivuka Uganda hadi Fort Portal, kisha ukaingia bonde la mto Mubuku. Baridi na matope vilipozidi, wapagazi wa nchi ya chini walirudishwa, na mizigo ikachukuliwa na Wakonzo. Hao ndio waliojua njia, wakatembea miguu mitupu juu ya mawe yenye utelezi na mizizi, katika mvua isiyokoma, hadi Bujongolo, pango lililo karibu na meta 3.800. Luigi Amedeo alifanya kambi yake kuu hapo.

Vitabu vimehifadhi majina ya waongozaji wote wa Courmayeur. Majina ya Wakonzo waliobeba chakula, kamba na vioo vya Sella karibu yote yamepotea. Bila wao, hakuna kilele ambacho kingefikiwa.

Kutoka Bujongolo kazi ilikwenda haraka. Luigi Amedeo aliamka usiku, akingoja saa chache za asubuhi kabla ya ukungu kupanda. Tarehe 18 mwezi wa sita, katika ukungu uleule, walipita juu ya barafu na kupanda vilele viwili vya juu vya mlima Stanley. Kingo za barafu zilining'inia juu yao kama paa lenye nguzo za barafu, ikabidi kuzipenya kwa shoka. Kilele kimoja kikaitwa Alexandra, jina la malkia wa Uingereza. Kingine, kirefu zaidi, kikaitwa Margherita.

Angeweza kurudi Italia siku ile akiwa mshindi. Hakurudi. Alikaa zaidi ya mwezi mmoja kwenye baridi ile, akapanda vilele vingine vingi, akapima urefu wa kila kimoja, akachora mabonde na mipaka ya barafu. Roccati alikusanya mawe. Sella alipanda na kushuka na mitambo yake, akingoja mawingu yafunguke, wakati mwingine siku nyingi kwa picha moja. Walipoondoka, kwa mara ya kwanza palikuwa na ramani ya Ruwenzori ya juu: milima sita mikubwa yenye barafu, Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na ule ambao wanajiografia waliupa baadaye jina lake mwenyewe, Luigi di Savoia.

Majina ya nani?

Si jina hata moja kati ya hayo lililotoka kwa wenyeji. Vilele vilipewa majina ya wafalme, malkia na wasafiri wa Ulaya. Mito ya barafu pia: Elena, Savoia, Moore. Huo ulikuwa wakati ambapo Ulaya iligawana Afrika, na ramani ilikuwa chombo cha kumiliki. Upande wa magharibi wa mlima ulihesabiwa kuwa wa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, na upande wa mashariki wa Waingereza. Mwaka 1910, wakubwa walikutana Brussels wakakubaliana kwamba mpaka upite kwenye kilele cha Margherita. Ndugu wa lugha moja wakajikuta katika nchi mbili, na kilele chenyewe kikawa nguzo ya mpaka.

Baadaye, wakati wa Mobutu, mlima Stanley uliitwa Ngaliema upande wa Zaire. Majina yalibadilika kadiri ya watawala. Barafu haikujali jina. Ilifuata hali ya hewa tu.

Baada ya Ruwenzori

Luigi Amedeo hakupumzika. Mwaka 1909 alikwenda katika milima ya Karakoram, kwenye mipaka ya Uhindi ya wakati ule na Uchina, kujaribu K2, mlima wa pili kwa urefu duniani. Alishindwa, lakini njia aliyoitafuta kwenye ukingo wa kusini mashariki ndiyo wapandaji wengi wanayoifuata hadi leo, nayo inaitwa kwa jina la Abruzzi. Mwaka uleule, kwenye mlima Chogolisa, alifika karibu meta 7.500 kabla ya hali mbaya ya hewa kumrudisha. Mpaka mwaka 1922 hakuna mpandaji aliyepita urefu huo. Sella alikuwa naye tena, na picha zake za barafu za Karakoram zimekuwa, kama zile za Ruwenzori, kumbukumbu ya wataalamu.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa ya furaha. Alipenda Mmarekani, Katherine Elkins, binti wa seneta. Jamaa ya kifalme ya Italia haikukubali mwana wake aoe mwanamke asiye wa damu ya kifalme. Magazeti ya dunia yalifuata habari hiyo kwa miaka. Mwishowe dada huyo aliolewa na mwingine, na Luigi Amedeo hakuoa kamwe.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliongoza merikebu za Italia na za washirika wake katika bahari ya Adriatiki. Chini ya usimamizi wake, mwishoni mwa 1915 na mwanzoni mwa 1916, makumi elfu ya askari wa Serbia waliokuwa wanakufa kwa njaa na baridi walivushwa baharini na kuokolewa. Hata hivyo, ugomvi na wakubwa wengine ulimfanya aondolewe uongozini mwaka 1917.

Vita ilipokwisha alirudi Afrika, Somalia, nchi aliyokuwa ameiona akiwa afisa kijana. Mwaka 1920 alianzisha kampuni ya kilimo kando ya mto Shebelle. Akajenga bwawa na mifereji, akalima pamba, miwa na ndizi. Kijiji kilichokua hapo kiliitwa kwa cheo chake. Leo mji huo ni Jowhar. Lakini ardhi ile ilikuwa na wenyewe, wakulima waliolima kando ya mto kabla yake, na utawala wa kikoloni wa Kiitalia ulitumia nguvu kupata wafanyakazi wa mashamba makubwa. Mtu aliyefungua mifereji alikuwa pia sehemu ya utawala uliowanyima watu uhuru wao.

Hata huko aliendelea kutafuta chanzo cha maji. Mwaka 1928 alifuata mto Shebelle mpaka kwenye milima ya Ethiopia unakoanzia. Alikuwa karibu na miaka 56. Mwanzoni mwa 1933, akiwa mgonjwa sana, aliaga Italia na kurudi kwenye kijiji chake ili afie Afrika. Alikufa tarehe 18 mwezi wa tatu mwaka 1933, akiwa na miaka 60, akazikwa kando ya Shebelle.

Kile picha zilichoonyesha

Ramani na picha za 1906 zilikaa miaka mingi kama ukumbusho wa ushujaa. Baadaye zikageuka kuwa kitu kingine: kipimo.

Mwaka 1932 kundi la Wabelgiji likiongozwa na Xavier de Grunne lilichunguza upande wa Kongo, ule wa Mutwanga na Butahu, ambao Luigi Amedeo hakuufanyia kazi kubwa. Kuanzia miaka ya 1950 wataalamu wa Makerere, Uganda, walirudi mara kwa mara kupima mwisho wa barafu. Wapiga picha wamesimama tena mahali aliposimama Sella na kuelekeza mitambo yao upande uleule. Kila mara picha mpya ilionyesha mawe pale ambapo ile ya zamani ilionyesha weupe.

Kwa kutumia ramani za 1906, wataalamu wanakadiria kwamba wakati ule barafu ya Ruwenzori ilifunika kati ya kilometa za mraba 6 na 7 na nusu. Mwaka 1987 zilikuwa zimebaki kama 2. Mwaka 2003, karibu 1 tu. Leo haifiki hata nusu ya kilometa moja ya mraba. Milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilipoteza barafu yake yote katika karne iliyopita. Kwenye Speke na Baker kilichobaki ni mabaki yasiyotembea tena. Mlima Stanley peke yake ndio wenye barafu ya kweli, nayo inapasuka vipande vipande. Wapandaji wanaokwenda Margherita wanakuta ngazi na kamba kwenye miamba mitupu, mahali ambapo zamani walipita juu ya theluji ngumu.

Mto wa barafu si theluji ya siku moja. Ni theluji iliyorundikana miaka na miaka, ikabanwa kwa uzito wake mpaka ikawa barafu nene, kisha ikaanza kuteremka polepole sana. Unaishi kama akiba ya fedha: kinachoingia juu kikizidi kinachotoka chini, unakua. Kikipungua, unakula mtaji wake. Katika nchi za baridi kuna majira ambapo barafu hupumzika na kupata theluji mpya. Kwenye mstari wa ikweta hakuna mapumziko. Jua linaweza kuiyeyusha mwezi wowote. Kwa hiyo barafu ya Ruwenzori ilikaa daima karibu na mpaka wa kufa, na joto kidogo linatosha kuusogeza.

Wataalamu walibishana muda mrefu kama sababu kubwa ni joto lenyewe au hewa iliyokauka na mawingu yaliyopungua tangu mwisho wa karne ya 19. Vyote viwili vina sehemu yake. Lakini dunia imepata joto zaidi ya nyuzi 1 tangu zama zile, hasa kwa sababu ya moshi wa makaa, mafuta na gesi vinavyochomwa katika nchi zenye viwanda. Kongo imechangia kidogo sana katika moshi huo, na misitu yake inaupunguza. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba barafu za Afrika Mashariki, yaani Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, zinaweza kutoweka zote katika miaka ya 2040.

Wakaaji wa Mutwanga, Beni na bonde la Semliki wanaweza kuuliza kama mito yao itakauka. Uchunguzi uliofanywa kwenye mto Mubuku, upande wa Uganda, unaonyesha kwamba maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya mto. Maji mengi yanatoka kwenye mvua inayoanguka kwenye misitu na vinamasi vya mlima, ambavyo huyashika kama sifongo na kuyaachilia kidogo kidogo. Kwa hiyo anayetaka kulinda maji ya Butahu na ya mito mingine alinde kwanza msitu na vinamasi hivyo, ambavyo upande wa Kongo viko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Msitu unaweza kuokolewa hapa hapa. Barafu haiwezi kuokolewa na watu wa Beni peke yao.

Hata hivyo, barafu ikitoweka hasara haitakuwa ndogo. Nzururu itabaki jina lisilo na mwenyewe. Watoto wanaozaliwa leo Mutwanga wanaweza kufika utu uzima katika nchi isiyo na theluji hata kidogo, wakiwa wameambiwa na bibi zao kwamba mlima ulikuwa mweupe. Na kwa miaka mingi vita na mashambulizi katika eneo hilo vimezuia watu kupanda kutoka upande wa Kongo, hivi kwamba mabadiliko ya upande wa mashariki yanajulikana zaidi kuliko yale ya upande wetu.

Luigi Amedeo alikuja kutafuta utukufu wa nchi yake na jamaa yake. Utukufu huo umepita. Ufalme wa Italia ulikwisha mwaka 1946, na kampuni yake ya Somalia haipo tena. Kile alichokifanya kwa subira, karibu kama kazi ya pembeni, ndicho kilichodumu: kupima, kuchora, kumngoja Sella mpaka mawingu yafunguke. Vioo vya Sella vimehifadhiwa Biella, kaskazini ya Italia. Juu yake mtu anaweza kuona Ruwenzori kama ilivyokuwa siku zile, na barafu ikishuka kutoka Stanley, Speke na Baker. Katika baadhi ya picha hizo, pembeni, wamo pia Wakonzo, wamejifunika mablanketi katika baridi ya Bujongolo, wakitazama mtambo.